Nani Alimdai Babu Yako? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kutafuta Ukoo Katika Nyaraka za Ukoloni

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa, tangu nilipoanza kumtafuta babu yake mama yangu, Muha wa Kasulu aliyefika Tanga kufanya kazi ya mkonge na hakurudi tena kwao. Mengi niliulizwa na ndugu, mengine na watu waliokuwa wakisubiri majalada karibu nami katika chumba cha kusomea. Nimejibu kwa kadiri ya yale niliyoyaona kazini.

Nianze wapi?

Nyumbani, tena wiki hii. Jalada limekaa miaka mia na litakungoja. Shangazi yako mwenye miaka 86 huenda asikungoje. Kaa naye asubuhi, kabla hajachoka, na uwashe kinasa sauti cha simu. Usimuulize "babu alizaliwa mwaka gani", kwa sababu atakwambia hajui na mazungumzo yataishia hapo. Muulize babu alitokea upande gani, alilipa kodi kwa jumbe gani, alipokuja alifikia kwa nani, nani alimsimamia kwenye ndoa, na alikuwa akiapa kwa jina la nani alipokasirika. Hilo la mwisho linaweza kukupa jina la babu wa babu ambalo hakuna mtu aliyekumbuka kukutajia.

Kisha omba kuonyeshwa sanduku la bati. Karibu kila nyumba ya wazee ina sanduku au mfuko wa karatasi: stakabadhi za kodi, cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, barua ya mirathi. Katika sanduku la bibi yangu tulikuta stakabadhi moja ya kodi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imekaribia kukatika, wino wa zambarau umesambaa kwa unyevu. Ilikuwa na jina la mtu, jina la baba yake na jina la jumbe. Maneno matatu hayo yalitusogeza mbele kuliko mwaka mzima wa kuuliza huku na huku.

Nimetafuta jina la babu kila mahali silioni. Kwa nini?

Kwa sababu umemtafuta kwa jina. Serikali ya kikoloni haikuwaandika wazee wetu ili wakumbukwe. Iliwaandika pale ilipotaka kitu kutoka kwao: kodi, nguvu za mikono, ardhi, ushahidi, mwili wa kubeba mizigo vitani. Kanisa nalo liliwaandika lilipotaka roho zao. Kwa hiyo swali la kwanza kujiuliza ni hili: nani alikuwa akimdai babu yako, na alimdai nini? Ukishalijibu, utajua ni daftari la nani la kufungua.

Mtu aliyekaa kijijini, akalima, hakubatizwa, hakushtakiwa wala kwenda vitani, huenda hakuandikwa popote ila kwenye orodha ya kodi. Usajili wa vizazi na vifo ulilazimishwa kwanza kwa Wazungu na Waasia. Waafrika wengi wa Tanganyika na Kenya walikuja kuingizwa baadaye, sehemu nyingine mapema, nyingine kwa kuchelewa. Usipoteze miezi ukitafuta cheti cha kuzaliwa cha mtu wa 1910.

Kodi ilianza lini, na inanisaidia nini?

Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba 1898, kwa rupia. Waingereza wakaendeleza, na kuanzia 1921 ilihesabiwa kwa shilingi. Fedha iliyotajwa kwenye karatasi yako isiyo na tarehe ni kalenda tosha: ukiona rupia, uko zama za Mjerumani au miaka michache tu baada yake. Kodi pia inakupa mpangilio wa utawala. Chini ya Mjerumani kulikuwa na akida, na chini yake jumbe. Baada ya sheria ya 1926 ya Gavana Donald Cameron, utawala na mahakama za wenyeji vilipewa watemi na machifu. Ukijua mtemi wa babu yako, unajua wilaya, na majalada yamepangwa kwa wilaya.

Kenya kuna kitu cha ziada, yaani kipande. Kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume Mwafrika wa kuanzia miaka 16 alitakiwa kuchukuliwa alama za vidole na kubeba karatasi hiyo, wengi wakiivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Ilitaja jina, kabila, mahali atokako na waajiri wake. Familia iliyohifadhi kipande cha babu ina hazina. Tahadhari tu: Tanganyika neno hilohilo lilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi 30 za siku, na mtu alilipwa alipozijaza zote. Mzee wa Tanga akikwambia "nilimaliza kipande", anazungumzia mshahara wake.

Wazee hawajui miaka. Nitakadiriaje?

Wanaijua, ila hawaihesabu kwa tarakimu. Mzee wa Ugogo akisema alikuwa mtoto anayechunga mbuzi wakati wa Mtunya, anakupa 1917 hadi 1920, njaa iliyofuata majeshi kupora chakula na ng'ombe. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Mafua makubwa ni mwisho wa 1918. Kimbunga cha Unguja ni 1872. "Wakati wa karanga", yaani mradi wa Waingereza wa kulima karanga, kwa watu wa Kongwa na Nachingwea ni 1947 hadi 1951. Kwa Wakikuyu, uliza rika la tohara, kwani majina ya rika hufuata tukio la mwaka huo, kama wale walioitwa Forty kwa sababu walitahiriwa 1940. Andika maneno ya mzee yalivyo, mwaka uuweke pembeni kama makisio yako. Nimewahi kuchanganya vita vya Mjerumani (vita vya kwanza vya dunia) na vita vya Hitla (vya pili) katika simulizi moja, nikajikuta nimemfanya mtu baba wa kaka yake.

Majina ya zama za Mjerumani siyatambui kabisa. Yameandikwaje?

Yasome kwa sauti. Mjerumani aliandika alichosikia kwa herufi za kwao: Moshi ikawa Moschi, Songea ikawa Ssongea, Bagamoyo ikawa Bagamojo, Mwanza ikawa Muansa, Ujiji ikawa Udjidji, Wachagga wakaitwa Dschagga. Kwa hiyo "sch" ni sh, "dsch" ni j au ch, na "j" ni y. Yusufu utamkuta kama Jussuf. Kabla hujaenda, andika jina la babu yako kwa namna zote unazoweza kuzifikiria, hata zile zinazokuchekesha.

Mwandiko wenyewe ni tatizo jingine. Majalada mengi yaliandikwa kwa mkono, kwa hati ya zamani ambayo hata Wajerumani wengi wa leo hawaisomi. Ipo programu iitwayo Transkribus inayosaidia kuibadilisha iwe herufi za kawaida. Na usikate tamaa mapema, maana Wajerumani walitawala kwa Kiswahili: barua za maakida na majumbe mara nyingi ni za Kiswahili, za mwanzo kwa herufi za Kiarabu. Kama una mjomba aliyesoma chuo cha Kurani na anasoma kwa herufi hizo, mchukue muende pamoja.

Nyaraka zenyewe ziko wapi?

Tanzania Bara, nenda Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Huko kuna majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza, na vile vitabu vya wilaya ambamo mabwana shauri (watawala wa wilaya wa Kiingereza) walinakili nasaba za watemi, koo na mila. Zanzibar, ni jengo la Nyaraka lililopo Kilimani. Kenya, ni Nyaraka za Taifa za Moi Avenue, Nairobi, ambazo watu wengi hupita nje yake kila siku wakidhani ni jumba la makumbusho tu. Piga simu kwanza uulize masharti, na uende na kitambulisho pamoja na barua ya utambulisho.

Ng'ambo, karatasi za wizara ya makoloni ya Ujerumani ziko Berlin-Lichterfelde katika mfululizo R 1001, na sehemu kubwa inasomeka bure kwenye intaneti. Za Uingereza ziko Kew, London: CO 691 ni Tanganyika, CO 533 Kenya, CO 618 Zanzibar, CO 536 Uganda. Lakini sema ukweli na nafsi yako kabla ya kulipia chochote. Karatasi za Kew ni barua za gavana na waziri. Mkulima wa kawaida hutajwa humo mara chache, labda awe ameandika malalamiko au ameongoza mgomo. Wilaya ndiyo iliyomjua.

Madaftari ya kanisa yana nini hasa?

Kwangu mimi hakuna karatasi ya enzi zile inayolikaribia daftari la ubatizo. Karani wa kodi alitaka kichwa tu, padri alitaka kujua huyu ni mtoto wa nani.

Daftari la Kikatoliki limeandikwa kwa Kilatini, lakini maneno ni machache na yanajirudia. *Filius* ni mtoto wa kiume, *filia* wa kike, *pater* baba, *mater* mama, *patrinus* msimamizi wa ubatizo, *paganus* mtu asiyebatizwa. Pembeni mwa mstari mara nyingi kuna maandishi ya baadaye: kipaimara, ndoa na mahali ilipofungwa, pengine hata tarehe ya kifo. Usomapo mstari wa mtu wako, soma na kurasa mbili kabla na mbili baada, kwa sababu waliobatizwa pamoja mara nyingi walitoka kijiji kimoja.

Sisi tulikwenda kwenye parokia iliyo katikati ya mashamba ya mkonge. Katekista mzee alituwekea daftari mezani, ngozi ya mgongo imeachia, akafunua kwa kidole kilicholoweshwa kidogo. Mstari wa bibi ulikuwa na namba, tarehe, jina lake la ubatizo, kisha *filia*, na jina la baba ambalo hatukuwahi kulisikia. Tanga nzima baba huyo aliitwa kwa jina la kabila lake, kama walivyoitwa manamba wengi, vibarua wa mkataba wa mashamba. Padri peke yake ndiye aliyemuuliza jina alilopewa na mama yake. Mama yangu alilisoma kwa sauti mara tatu, akaomba kiti.

Kuhusu mahali: Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, UMCA (misheni ya Kianglikana) walianza kazi Unguja 1864 na Masasi 1876, CMS (nao Waanglikana) walianzisha Freretown jirani na Mombasa 1875, Wamoraviani wako Rungwe tangu 1891, Walutheri wa Leipzig Kilimanjaro tangu 1893, Wabenediktini Peramiho tangu 1898. Anza na parokia au usharika wenyewe, kisha jimbo au dayosisi. Barua na ripoti za wamisionari, ambazo wakati mwingine husimulia maisha ya mwongofu mmoja kwa kurasa nzima, zilikwenda Ulaya: za CMS ziko Birmingham, za UMCA Oxford, za Leipzig ziko Halle, za Wamoraviani Herrnhut, za White Fathers (mapadri wa Kikatoliki) Roma.

Sisi ni Waislamu wa pwani. Tutafute wapi?

Mahakama ya kadhi: ndoa, talaka na hasa mirathi, maana kugawa mirathi ni kutaja warithi wote na uhusiano wao na marehemu. Zanzibar kuna pia nyaraka za wakfu, ambapo mtu alitoa nyumba au shamba la mikarafuu na kutaja vizazi vitakavyofaidika, na hati za kuuziana na kuwekeana rehani. Msikiti wa mtaa na vyuo vya Kurani huweza kuwa na silsila (mlolongo wa nasaba au wa walimu) na madaftari yao. Soma mawe ya makaburi kabla mvua haijayamaliza. Na nisba, yaani jina la kuonyesha asili ya mtu, muichunguze kwa utulivu, kwa sababu watu walibadili nisba kadiri siasa na sensa za Waingereza zilivyowapa faida kuitwa hivi au vile.

Nimeambiwa kwa kunong'ona kwamba bibi mzaa bibi alikuwa mtumwa. Naweza kuthibitisha?

Mara nyingi ndiyo, na hapa nakuomba uende taratibu, maana si karatasi tu unayoifungua.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, lakini mtumwa alipaswa mwenyewe kwenda mahakamani kuomba uhuru, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Fidia hiyo ndiyo sababu kuna maandishi: serikali haitoi fedha bila kuandika. Masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909. Pwani ya Kenya ni 1907. Bara, Wajerumani hawakufuta utumwa moja kwa moja. Walitoa hati za uhuru walizoziita Freibrief, na wakatangaza kwamba mtoto atakayezaliwa baada ya mwisho wa 1905 ni huru. Waingereza waliumaliza kisheria Tanganyika 1922.

Hati za uhuru kwa kawaida humtaja mtumwa na bwana wake. Waliookolewa majahazini na manowari za Kiingereza walipelekwa misheni, kama Mbweni na Freretown, na huko wakaandikwa. Majina kama Mabruki, Feruzi, Faraji, Majaliwa na Baraka yalikuwa ya kawaida kwa watumwa, ila yalivaliwa na waungwana pia. Jina peke yake lisikufanye umwite babu wa mtu mtumwa.

Kabila lililoandikwa kwenye hati nalo lipokee kwa uangalifu. Mtoto aliyetekwa na miaka sita, akauzwa mara tatu njiani, huenda aliandikwa "Mnyasa" kwa sababu msafara ulipitia Ziwa Nyasa.

Na kabla hujatangaza ulichokipata kwenye kundi la familia la WhatsApp, nenda kwa wazee wawili au watatu ukae nao. Minong'ono ile ilikuwa na kazi: iliwalinda wanawe dhidi ya kudharauliwa kwenye posa na mirathi. Nimeona karatasi moja ikivunja undugu wa miaka hamsini ndani ya jioni moja. Nimeona pia mzee akilia kwa furaha kwamba hatimaye kuna mtu aliyethubutu kumtaja mama yake kwa jina.

Babu alipigana vita vya Mjerumani. Kuna orodha?

Kwanza jua alipigana upande gani na kwa kazi gani. Askari wa King's African Rifles, kikosi cha Waingereza kilichoundwa 1902, ana nafasi nzuri ya kuandikwa. Mpagazi wa Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo, hana, na wapagazi ndio waliokufa kwa wingi, kwa njaa, kuhara na homa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kwa jeshi hilo la wabebaji. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya bure kwenye intaneti, itafute. Lakini 2021 tume hiyohiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo usipomwona, haina maana kwamba familia yako ilitunga.

Vita vya pili ni rahisi zaidi. Mtu aliyefika Burma, Madagascar au Uhabeshi mara nyingi alirudi na kitabu cha utumishi, medali na namba ya jeshi. Namba hiyo ndiyo ya kuitumia unapoandika kuulizia.

Na manamba?

Neno lenyewe linatokana na namba waliyopewa. Kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyowachukua watu Kasulu, Kibondo, Songea na hata nje ya mipaka, kwa mkataba. Majalada ya idara ya kazi yaliyoko Upanga hueleza makundi, njia, vifo na utoro. Majina ya mtu mmojammoja ni ya kubahatisha. Ofisi za mashamba zilikuwa na madaftari ya mishahara. Tulipofika kwenye shamba moja tuliambiwa yalichomwa moto ili kupata nafasi stoo. Muulize mnyapara mstaafu. Wanyapara waliishi na watu hao, na wanakumbuka nani alizikwa wapi.

Wanawake hawaonekani. Nifanye nini?

Kodi ilimdai mume, hivyo mke alihesabiwa kama kibanda tu. Mfuate kwenye kesi. Mashauri ya mahari, talaka, ugoni na malezi ya watoto yalijaa katika mahakama za watemi na maliwali, na huko mwanamke alisimama akasema mwenyewe, karani akaandika. Mtafute pia kama mama na kama msimamizi wa ubatizo wa watoto wa wengine.

Hapa pia jihadhari na neno "ndugu". Karani wa Kiingereza alilitafsiri kama mtoto wa baba na mama mmoja, na "baba" likawa baba mzazi hata kama ni baba mkubwa. Mchoro wa ukoo uliojengwa juu ya tafsiri hiyo unapinda kuanzia mizizi.

Babu yetu alikuwa Mzungu, akaondoka. Tuna haki ya kujua?

Kwa waliozaliwa Kongo, Rwanda na Burundi chini ya Ubelgiji, njia ipo. Watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika walitenganishwa na mama zao kwa sera ya serikali, wakapelekwa kwenye taasisi kama ile ya Save, Rwanda. Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi, na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua kwamba wanawake watano walioshtaki walitendewa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Nyaraka za Taifa za Ubelgiji zina mradi maalumu wa kuwasaidia watu hawa kupata majalada yao. Kwa Tanganyika na Kenya hakuna mpango kama huo. Anza na daftari la ubatizo, halafu orodha za watumishi wa serikali zilizochapwa kila mwaka.

Wazee wetu walitoka India kujenga reli. Je?

Wafanyakazi wa mkataba wapatao 32,000 waliletwa kujenga Reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Karibu 2,500 walikufa, na chini ya 7,000 walibaki. Tafuta kupitia jumuiya ya dini yao: jamatkhana ya Waismailia, gurdwara ya Masingasinga au kanisa la Wagoa, kwani jumuiya hizo ziliandika ndoa na vifo kwa uangalifu kuliko serikali.

Kipimo cha DNA kitanimalizia kazi?

Hapana, ila kinaweza kuthibitisha jambo moja mahususi. Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900, na ukoo wake umetafuta kichwa chake kwa miongo. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba mafuvu matatu kutoka Kilimanjaro yalilingana na vinasaba vya ndugu walio hai; moja ni la mtu aliyeitwa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Ilifanikiwa kwa sababu koo za huko zilijua tayari nani wa kupimwa. Ukituma mate bila simulizi, utarudishiwa asilimia tu, na benki za vinasaba bado zina Waafrika wachache.

Nikishapata, nihifadhi vipi?

Piga picha kwa mwanga wa dirishani, bila kumulika. Usiweke gundi wala laminesheni kwenye karatasi ya zamani, joto lile huiua. Andika namba ya jalada na ukurasa papo hapo, kwenye picha yenyewe. Mimi sikufanya hivyo siku ya kwanza, na ilinibidi nirudi Upanga mara mbili kuusaka mstari mmoja.

Kisha chapa nakala, upeleke kwa wazee waliokusimulia. Sisi tulisafiri hadi Kasulu na lile jina la kwenye daftari. Mzee wa tatu tuliyemuuliza alinyamaza kidogo, akauliza kama mtu huyo alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto. Bibi alikuwa ametuambia habari za kovu hilo. Mzee akainuka, akaenda kuwaita wenziwe.